Mpira wa Chini na Jicho la Sada

Jumamosi, 7 Septemba

Naanza kuandika leo. Nikifa, watu wa Tingi wasije wakagombana juu ya nani alikuwa sahihi. Nilikuwa mimi, Rehani. Elimu yangu darasa la nne na nusu. Ile nusu ni kwa sababu nilimcheka mwalimu alipoanguka na baiskeli. Lakini kalamu naijua.

Habari yenyewe hii. Tumetoka Kivinje na mke wangu Sada kupima macho. Jicho lake la kushoto lilishakufa, hilo tunalijua. Leo nesi Natalia kasema la kulia nalo linafuata njia ile ile. Presha ya jicho. Akatueleza taratibu: ndani ya jicho mna maji, maji yana mfereji wa kutokea, mfereji ukiziba yanajaa na kuukandamiza mshipa wa kuonea mpaka unakufa. Ukishakufa haufufuki. Nikamwambia nesi hilo mbona nalijua, ni rejeta tupu. Akanitazama. Sada akanifinya paja.

Wiki ijayo madaktari bingwa wanakuja Lindi kupasua macho. Mwisho wao Alhamisi. Jina la Sada limewekwa Alhamisi hiyo hiyo, asubuhi. Nesi kasema tusikose hata kama mvua ya mawe itanyesha. Jicho lile halina muda wa kungoja msafara mwingine.

Tukirudi, gari limechemsha. Pikapu yangu ile, iliyoandikwa nyuma WACHA WASEME. Mjini inakwenda kama mtoto wa chuo cha Kurani, haina neno. Ikishika barabara ndefu nikaikanyaga, mshale wa joto unapanda kama nyani. Nikisimama na kuiacha ingurume, mshale unashuka wenyewe. Maajabu!

Sada kasema Lindi twende na basi. Basi! Mie nilishatangaza msikitini kwamba mke wangu nampeleka kwa gari langu. Na ubaya zaidi, Leonadi alisikia.

Leonadi ni fundi magari hapa barabarani, Mkatoliki wa Kimwera, na ni mtani wangu. Ukoo wake na wangu zinataniana tangu enzi za mababu. Kaka yangu alipokufa, Leonadi aliingia kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akasema pazuri sana, pana ubaridi, hatoki mpaka apewe jogoo. Akapewa. Ndiyo mila, na waliokuwa wanalia walicheka. Leo kasimama mbele ya watu kasema pikapu yangu itafika Lindi siku papa wa baharini atakapopanda mnazi. Tukawekeana. Ikifika, beberu wake anakuwa wangu. Isipofika, nitambeba jogoo wangu kichwani mpaka gerejini kwake, na kuwika niwike mimi.

Watu wameshuhudia. Sasa basi litapandwaje?


Jumapili, 8 Septemba

Siku ya uchunguzi.

Nimefungua boneti. Hakuna panapovuja. Feni inazunguka. Mpira wa juu wa rejeta mzima. Mpira wa chini, ule unaorudisha maji yaliyopoa kwenye injini, nao mzima. Nimeuminya. Laini kidogo, kama muhogo uliokaa sana jikoni. Ulaini si kosa. Hata magoti yangu laini.

Nikawasha. Nikautazama mpira wa chini. Mnene, umetulia, una adabu zake. Nikaingia ndani nikakanyaga mafuta mpaka injini ikalia, nikaruka chini, nikakimbia mbele kuutazama. Mnene. Nikarudi, nikakanyaga, nikakimbia. Mnene! Nimekimbia hivyo mpaka kofia ikaanguka na kuku wakahama uani.

Hitimisho: mpira hauna kosa.

Hapo Leonadi anapita akitoka kanisani. Akakaa juu ya kinu changu, akatazama mbio zangu kama mtu aliyelipa kiingilio. Nilipoishiwa pumzi akasema, mtani, mpira wako wa chini unajinyonga. Eti ndani yake mna waya uliozungushwa wa kuuzuia usibonyee, na waya huo umekwisha kwa kutu. Injini ikienda kasi pampu inavuta maji kwa nguvu, mpira unabonyea, kuta zinagusana, maji hayapiti. Ukiachia mafuta unajaa tena. Ndiyo maana kila nikifika naukuta umenenepa. Ni kama mwizi wa sukari, kasema, ukiingia jikoni unamkuta anafagia.

Kisha akaongeza: nikachukue mpira mpya kwa Mehboob wa vipuri kule Masoko, atanifungia bure.

Bure! Hapo ndipo nilipomshika. Mtani gani anatoa cha bure? Mwaka jana gari lilipogoma kuwaka, huyu huyu alinambia nimelilaza vibaya, niligeuze lielekee kibla. Nikawaita majirani tukaligeuza kwa mabega. Likashika kateremko, likawaka! Mpaka leo nikipita gerejini kwake mafundi wananiadhinia. Leo tena niambiwe mpira unajinyonga? Nimemwambia autafutie padri.

Akacheka. Lakini akiwa njiani kageuka, kasema huu si utani, mtani.

Ndivyo wanavyosema wote.


Jumatatu, 9 Septemba

Nimekwenda Masoko, kwa daladala, gari lipumzike.

Duka la Mehboob lina pande mbili. Upande wake vipuri, upande wa mama yake viungo na mchele. Mehboob kaniamkia vizuri, shikamoo Mzee Rehani, halafu papo hapo kaniuliza kama nimefuata ule mpira, maana Leonadi kampigia simu. Mnaona njama hiyo? Mpira wenyewe umening'inizwa ukutani, mweusi, umepinda kama kiwiko. Nimekataa kuutazama.

Nikahamia upande wa mama yake, Khatijabai. Huyu mkubwa kuliko mimi. Anachambua mchele bila kuutazama. Kanambia marehemu mumewe alikuwa na lori la kwenda Liwale. Rejeta ikitoboka porini, alikuwa anatia manjano ya unga ndani ya maji. Kijiko kimoja cha chai. Unga unakwenda wenyewe kutafuta tundu, unaliziba, lori linafika.

Nilitaka kumbusu mkono.

Kaniuliza: yako inavuja wapi? Nikasema haivuji. Akauliza, sasa manjano ya nini, Mzee Rehani? Wanawake kwa maswali! Nikanunua pakiti nzima. Ikiwa kijiko kimoja kinafikisha lori Liwale, pakiti si itafikisha pikapu Lindi na kuirudisha?

Mehboob kamwambia mama yake neno kwa Kigujarati. Nilingoja wacheke. Mama hakucheka. Kaniambia nimpe Sada salamu, na nimuwahishe.


Jumanne, 10 Septemba

Manjano nimetia. Yote. Rejeta imekuwa sufuria ya mchuzi. Na themostati, kile kilango cha kupimia joto la maji, nayo nimeing'oa nikaitupa. Kila fundi wa nchi hii anaing'oa, wataalamu tu ndio wanaoiamini.

Baadaye jaribio. Ikaja tabu moja: mtu hawezi kukanyaga mafuta na kutazama mpira kwa wakati mmoja. Niliyejaribu ni mimi, nna ushahidi wa nyonga inayouma. Nyumbani hakuna mtu ila Sada. Nikamshika mabega, nikamsimamisha mbele ya boneti, nikamwelekeza uso. Akainama karibu kabisa, kama mtu anayenusa ubani.

Nikakanyaga. Akapiga ukelele: unabonyea!

Nikaachia. Akasema umejaa.

Nikakanyaga tena. Akasema umebonyea, umekuwa bapa, kama ulimi. Akaukamata kwa pindo la kanga ili ahakikishe. Akasema hata mkononi anausikia unanywea, unakwisha kabisa.

Sasa nihukumuni. Fundi ni mtani. Shahidi ni nusu kipofu. Nikamwambia mke wangu, jicho lenyewe ndilo hilo linalopelekwa kupasuliwa, litatoaje ushahidi?

Akaenda kukaa mkekani, kanga imejaa manjano mapajani. Baada ya muda kasema haombi mengi. Hana haja ya kuona bahari wala mashamba. Anataka zibaki nyuso tu. Wangu, hata ulivyokunjamana. Na wa mjukuu, maana binti yetu wa Nachingwea ana mimba ya kwanza.

Nimetoka kwenda kuangalia jogoo.


Jumatano, 11 Septemba

Adui kaingia nyumbani. Esha, mdogo wake Sada, katoka Mitole na kikapu cha mihogo na ulimi wake. Shikamoo shemeji ilikuwa fupi, yaliyofuata marefu. Kasema amesikia habari za manjano mpaka Mitole. Kasema dada yake anapanda basi la kesho asubuhi, naye anamsindikiza, mimi nije nyuma na sufuria langu nikipenda.

Sada kakubali! Hata hakunigeukia.

Nimewaza haraka. Gari likifika Lindi bila mgonjwa, Leonadi atasema nilipeleka hewa. Na nitakuwa mume gani, mke anatangulia na watu, mie nafuata kama mzigo uliosahauliwa? Nikatabasamu. Nikasema vema, tena tiketi nakwenda kukata mwenyewe, miguu ya Esha imechoka.

Nimefika kwa wakala. Nimemsalimia. Tumeongea habari za korosho. Nimekunywa kahawa yake. Nimerudi.

Nimewaambia basi limejaa. Watu wa arusi. Esha kauliza, limejaa mpaka wapi? Nikasema mpaka mlangoni, bwana arusi mwenyewe kakaa juu ya boneti ya injini. Esha kanitazama sana. Sada akasema basi, apangaye ni Mungu. Nikasema ndivyo.

Mpango wa kesho: tunatoka alfajiri, mwendo wa pole. Leonadi anasema mpira unajinyonga kwa kasi. Huo ni uongo mtupu. Lakini nitakwenda polepole, kwa heshima ya mgonjwa.


Alhamisi, 12 Septemba

Naandika nikiwa ndani ya gari, Kilangala, pembeni mwa barabara. Mkono wa kushoto umeungua, namshukuru Mungu nalia ugali na kuandikia wa kulia.

Tulianza vizuri. Sada katikati, Esha dirishani. Baiskeli ilitupita Nangurukuru, yenye mkaa, mwenye nayo akanipungia. Nikamwachia. Kiranjeranje mshale haujafika hata nusu. Nikaanza kuimba. Mbwemkuru tumevuka, mshale umelala. Nikamwambia Esha, manjano hayo! Hata yeye akauchungulia mshale. Tungefika. Naapa kwa kaburi la mama yangu, tungefika na muda ukabaki.

Ndipo nikaliona basi kwenye kioo.

Lile lile la asubuhi. Linakuja. Likitupita, Esha atatazama ndani.

Nikakanyaga. Basi likapiga honi. Nikakanyaga zaidi. Sada kaniuliza tunakimbia nini. Nikasema tunamkimbilia daktari. Mshale ukaamka, ukapanda, ukapita nusu, ukagonga mwisho ukabaki huko huko. Garini pakajaa harufu ya mchuzi wa samaki usio na samaki. Kwenye kilima gari likaishiwa nguvu, basi likatupita pole pole, dirisha moja baada ya jingine. Viti vitupu. Kiti cha nyuma kondakta kalala, kanyoosha miguu.

Esha akalitazama basi mpaka likapotea. Kisha akanitazama mimi. Bora angenitukana.

Injini ikazima. Nikashuka, nikafungua kifuniko cha rejeta kabla hakijapoa. Nalijua hilo kosa, namwambia kila mtu asilifanye. Mchuzi ukaruka juu kama chemchemi. Hivyo ndivyo mkono ulivyoungua. Watu wa Kilangala walitoka mashambani kuuliza shughuli ni ya nani.

Nikasema tungoje lipoe. Likapoa. Likawaka. Tukaenda kidogo, likachemka. Tukangoja tena. Lori la mchanga likapita, nikalipungia liende, nikasema sisi hatuna tabu. Sada kila mara anauliza jua limefika wapi, na Esha anamjibu, na mie nasikia jinsi jibu linavyopanda juu.

Lilipofika utosini, Esha akaenda akasimama katikati ya lami, mikono juu, kama mtu anayezuia ng'ombe. Lori la ufuta likafunga breki. Akampandisha dada yake. Nilitaka kusema kwamba lori halimpi mtu heshima, lakini Sada alishafika mlangoni anapapasa pa kushika. Hakunitazama kuniaga. Sijui alikasirika au hakuniona.

Baadaye.

Esha kapiga simu. Kaongea kwa utaratibu, bila tusi hata moja. Hilo limenitia hofu kuliko yote. Madaktari walimngoja Sada. Nesi Natalia alikuwa amewapigia, kawaomba, wakasubiri mpaka adhuhuri. Kisha nafasi wakampa mwingine. Dada na mdogo wake walifika vyombo viko sandukuni na gari la madaktari linanguruma. Daktari mmoja alishuka. Akammulika Sada kwa tochi, palepale uwanjani, akaizima, akasema pole mama. Akamwandikia dawa ya matone.

Nikamuuliza Esha kama aliwaeleza kwamba tulikuwa hapa karibu tu, Kilangala.

Akakata simu.


Ijumaa, 13 Septemba

Leonadi kaja. Kwa pikipiki, tangu Tingi, mpira mpya kauvaa begani kama mkanda wa askari. Mehboob kampa. Esha alimpigia.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na jibu zuri kabisa kuhusu papa na mnazi, nililipika tangu asubuhi. Hakunipa nafasi ya kulitumia. Hakutania. Kaniuliza Sada yuko kwa nani, nikamwambia kwa shangazi yake Lindi. Akaitikia kwa kichwa, akanisimamisha mbele ya boneti, akaingia garini, akawasha, akakanyaga.

Nikauona.

Ule mpira ulijivuta ndani kama mdomo wa bibi kizee. Ukabonyea. Kuta zikagusana. Ukawa ulimi, sawasawa na alivyosema Sada. Akaachia, ukanenepa, ukarudisha adabu zake. Akakanyaga, ukabonyea. Akaachia. Akatoa kichwa dirishani akaniuliza, umeona?

Nikasema mpira wowote ukilishwa manjano utafanya hivyo.

Akaufungua, akaupasua kwa kisu. Waya wa ndani umekuwa unga. Akanimwagia kiganjani, mwekundu, mkavu, kama ugoro. Sikuwa na pa kuutia. Nikasimama nao hivyo hivyo huku yeye anateka maji kisimani na kuyapitisha kwenye rejeta, ndoo baada ya ndoo, mpaka ile njano ikaisha. Akafunga mpira mpya, akakaza klipu, akajaza maji, akauminya minya kutoa hewa. Akanawa. Akasema kamchukue mkeo.

Nimekanyaga mpaka chini kutoka pale hadi Lindi. Mshale haukutikisika. Na nilipoona mji, nikakumbuka. Gari limefika Lindi! Makubaliano yetu yalikuwa lifike. Hatukusema siku gani!

Leonadi alikuwa nyuma yangu na pikipiki. Nilipoegesha tu nikamdai beberu wangu, kwa sauti, mbele ya shangazi yake Sada. Sada alikuwa kakaa barazani, kageuza uso kwenye sauti za magari, hajui lipi ni letu.

Leonadi hakucheka. Kasema, beberu utaletewa. Nitamleta mimi. Basi.

Mtu aliyelala kaburini mwa kaka yangu akaomba jogoo, leo hacheki. Nimelifikiria sana jambo hili njia nzima ya kurudi. Huu ni utani wa ngazi ya juu kabisa, wa kununa. Karibu anipate.


Jumamosi, 5 Oktoba

Sijaandika siku nyingi. Malengelenge ya mkono unaoshika daftari.

Beberu aliletwa. Leonadi alimfunga mlangoni, akamwamkia Sada, akaondoka. Beberu ananuka kama soksi za jeshi zima. Sada anamkwepa kwa pua.

Matone anatia. Jicho linatambua mwanga tu: anajua mlango uko wapi mchana, na dirisha. Juzi nilikuwa nimekaa naye, akaniwekea vidole usoni. Paji, pua, makunyanzi, moja moja, taratibu, kama yule mama wa dukani na mchele wake. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema hatafuti, anaweka akiba.

Nikamwambia ningejua ningenyoa.

Mjukuu bado hajazaliwa. Sada anauliza habari zake kila siku. Esha yuko hapa bado. Hazungumzi nami. Akiwa na neno lake anamwambia beberu, kwa sauti, nami nimekaa pale pale. Jana alimwambia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Beberu akaitikia.

Lakini kuna habari njema. Nesi Natalia kapiga simu. Wale madaktari wako Mtwara sasa, Jumatatu watampokea Sada wa kwanza. Yaliyokwenda yamekwenda, kasema, ila hicho kimwanga kilichobaki kinaweza kuokolewa. Kwa Sada kimwanga ni kitu kikubwa. Alitabasamu, mara ya kwanza tangu Kilangala.

Esha akaenda kukata tiketi za basi mwenyewe. Akaziweka ndani ya pochi. Pochi akaitundika msumarini.

Beberu amezila tiketi. Nani alimfungua kamba, na nani aliishusha pochi, mambo ya wanyama hayachunguziki. Basi lingine la kuwahi Jumatatu asubuhi halina nafasi. Safari hii kweli halina, nimeuliza mpaka nikajibiwa vibaya. Kwa hiyo tunakwenda na WACHA WASEME. Mpira mpya, maji meupe, mshale umelala. Gari gani zuri zaidi ya hilo?

Leonadi kapita jioni. Kaingia chini ya gari bila kuombwa, katoka na kidole kina mafuta, kaninyooshea. Kasema mafuta ya breki yanavuja gurudumu la nyuma, karibu yamekwisha. Kasema nikiwa kwenye mwendo pedeli itazama na nisijaribu kushuka nalo mteremko wa Mikindani. Kasema nimwachie, kipuri kitafika Jumanne.

Jumanne! Siku moja baada ya miadi yetu! Mnaona alivyopanga? Anataka beberu wake. Nikamcheka mpaka nikakohoa. Akanishika mkono, ule wenye makovu, akasema, mtani, kwa jina la mama yangu. Uso mkavu kabisa. Fundi hodari huyu mtu, lakini kwa utani hana mpinzani.

Hata hivyo mie si mjinga. Siwezi kumpakia mke wangu bila kuhakikisha. Alipoondoka nimeingia garini pale pale uani, hata sijaliwasha, nikamwita Sada asimame kando asikilize, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, miguu yote miwili.

Gari halikusogea hata unyayo.